Mvinyo wa nchi ya baridi kwenye meza ya Unguja: mwongozo kwa mhudumu

Mgeni akikaa, akaagiza pweza wa nazi, kisha akakuuliza, "Unanishauri mvinyo gani?", una kama nusu dakika ya kumjibu. Wahudumu wengi hapa kwetu humtajia ule wa bei ya juu, au ule uliojaa stoo. Nilikuwa nikifanya hivyo miaka yangu ya mwanzo katika hoteli za pwani ya mashariki, na nikiwaona wageni wanaacha gilasi nusu, kwa sababu mvinyo mwekundu mzito, uliopata joto la mchana kutwa, ulikuwa ukigombana na nazi na pilipili mdomoni mwao.

Siku hizi jibu langu la kwanza linatoka upande mmoja karibu kila mara: mashamba ya baridi ya Afrika Kusini, hasa Elgin na bonde la Hemel-en-Aarde. Chakula cha Unguja na Pemba ni cha ndimu, ukwaju, nazi na viungo. Kinataka mvinyo wenye uchachu wake wa asili, na uchachu huo huhifadhiwa na baridi ya shambani. Sisi tunaishi kwenye joto, kwa hiyo kuchagua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuulinda usituharibikie kabla haujafika mezani.

Hatua ya kwanza: elewa baridi inafanya nini

Fikiria embe. Likiwa bichi unalikata vipande, unalipaka chumvi na pilipili, na meno yanaingia ganzi kwa ukali. Likiiva ukali unakwisha, utamu unajaa. Zabibu nayo ni hivyo hivyo: jua linavyoiivisha, sukari inapanda na asidi inashuka. Sukari hiyo ndiyo inayogeuka kileo mapipani. Nchi ya joto kali huivisha zabibu mbio mbio, mvinyo ukatoka na kileo kingi, mwili mzito na uchachu mdogo. Nchi ya baridi huivisha polepole, harufu zikapata muda wa kujijenga huku uchachu ukibaki ndani.

Elgin ipo kama kilomita 70 kusini-mashariki mwa Cape Town, ukishapanda mlima kwa njia ya Sir Lowry's Pass. Ni uwanda uliozungukwa na milima, mashamba yake mengi yakiwa kati ya mita 200 na 400 juu ya usawa wa bahari. Kabla ya mvinyo, eneo hilo lilijulikana kwa matufaha, zile epo za dukani, na mpaka leo miti ya matufaha imetanda kuliko mizabibu. Tufaha halizai vizuri pasipo baridi ya kutosha, na mkulima wa huko alilijua hilo zamani kabla mtu hajafikiria kupanda Chardonnay, zabibu nyeupe ya mvinyo. Familia ya Paul Cluver ni miongoni mwa waanzilishi wa zama hizi. Mizabibu yao ya kwanza ilipandwa miaka ya 1980.

Hemel-en-Aarde ni maneno ya Kiafrikana, maana yake Mbingu na Ardhi. Bonde hilo linaanza nyuma ya mji wa Hermanus, ule unaosifika kwa nyangumi, na upepo wa bahari ya baridi unaingia mpaka ndani. Tim Hamilton Russell alinunua ardhi yake huko mwaka 1975, akaweka imani yake kwa Pinot Noir, zabibu nyekundu, na Chardonnay. Constantia, ndani ya Cape Town yenyewe, ni kongwe kuliko zote: shamba lilianzishwa na Simon van der Stel mwaka 1685, na upepo wa ghuba ya False Bay ndio unaolipooza.

Linganisha na Dodoma yetu. Pale mzabibu hauna kipupwe cha kuulaza, kwa hiyo zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Elgin mzabibu hulala msimu wa baridi na kuvunwa mara moja tu, Februari hadi Aprili hivi. Mvinyo wa Dodoma nauheshimu na nina wageni ninaowapa kwa furaha, wanaotaka kuonja kitu cha nchi hii. Lakini kwa samaki wa ndimu, naenda kusini.

Hatua ya pili: soma lebo kabla hujasikiliza sifa

Afrika Kusini ina utaratibu wa kuthibitisha asili ya mvinyo tangu mwaka 1973. Kwenye lebo utaona maneno Wine of Origin, au herufi W.O., kisha jina la mahali. Jina hilo ndilo la kusoma. Likiandikwa Elgin, zabibu zote zimetoka Elgin. Jina la zabibu likitajwa peke yake, kwa mfano Chardonnay, basi asilimia 85 au zaidi ni zabibu hiyo. Mwaka nao ni hivyo hivyo, asilimia 85 kwenda juu, na ni mwaka wa mavuno, si wa kutiwa chupani.

Majina ya kuyatafuta ni Elgin, Walker Bay, Hemel-en-Aarde Valley, Upper Hemel-en-Aarde Valley, Hemel-en-Aarde Ridge, Constantia na Elim. Cape South Coast nalo ni jina zuri, maana ni mkoa wa mvinyo unaokusanya Elgin na Walker Bay pamoja na majirani zao.

Kuna jina moja linalowateleza wengi: Coastal Region. Ukilisikia unadhani ni upepo wa bahari mtupu, kumbe ndani yake mna Paarl na Swartland, ambako kiangazi ni kikali kweli. Western Cape ni pana zaidi, zabibu zinaweza kutoka kokote katika jimbo zima. Mvinyo wa majina hayo unaweza kuwa mzuri, ila usimwambie mgeni kuwa ni wa baridi.

Kisha tazama asilimia ya kileo. Mvinyo mweupe wa 12 hadi 13 na nusu ni dalili njema. Ukiona 14 na nusu, huo umekutana na jua.

Hatua ya tatu: funza pua kwa vitu vya nyumbani

Hapa wengi hukata tamaa, kwa sababu vitabu vya mvinyo vinataja matunda ambayo hatujawahi kuyashika. Viache. Sisi tumelelewa kwenye harufu, na Mzanzibari aliyekulia kwenye jamvi la karafuu ana pua ambayo mwanafunzi wa hoteli wa Ulaya anaitafuta miaka mitatu.

Mwenzangu mmoja wa kazi ni Mpemba, mtu wa swala tano, haonji hata tone. Hilo ni baina yake na Mola wake na hakuna wa kumlazimisha. Yeye hunusa tu. Jioni moja nilifungua chupa ya Chardonnay ya bei kubwa, nikanusa haraka haraka, nikaona sawa. Nikampitishia kizibo. Alikiweka chini ya pua, akafumba macho, akanirudishia.

"Yakhe, hii hapana. Inanuka boksi lililonyeshewa."

"Una hakika?"

"Nusa gilasi, usinuse kizibo. Nusa polepole."

Nikanusa. Kweli: boksi la karatasi lililolala kwenye maji, na nyuma yake hakuna tunda lolote. Hiyo ndiyo ila ya kizibo. Kuna kemikali inayojijenga kwenye gome la mti linalotengenezewa vizibo, nayo huua harufu ya mvinyo hata ikiwa chembe tu. Haimdhuru mtu, lakini chupa hiyo haipelekwi mezani. Yeye aliyeigundua hajawahi kuonja mvinyo maisha yake yote.

Mazoezi yenyewe ni haya. Chukua vikombe sita. Kimoja weka maganda ya ndimu, cha pili majani mabichi uliyoyafikicha, cha tatu pasheni, cha nne karafuu, cha tano pilipili manga uliyoiponda sasa hivi, cha sita kipande cha boksi kilicholowa. Funika kila kimoja kwa kisahani, mwambie mwenzako akuchanganyie, nusa ukiwa umefumba macho. Fanya kila siku kabla ya zamu kwa wiki mbili. Kisha nusa mvinyo.

Utavikuta vyote. Sauvignon Blanc mweupe wa Elgin au Constantia una majani mabichi, pasheni na ganda la ndimu. Chardonnay uliolala kwenye mapipa ya mwaloni una karafuu kwa mbali, na hilo si la kufikirika: mwaloni uliochomwa kwa moto hutoa eujenoli, kitu kile kile kinachoipa karafuu ya Pemba harufu yake. Syrah mwekundu wa nchi ya baridi hunuka pilipili manga, nayo ina sababu, kwani kuna kemikali iitwayo rotandoni inayopatikana kwenye ganda la zabibu hiyo na kwenye pilipili manga vilevile, na baridi huizidisha. Pinot Noir una beri nyekundu, na ukikua kidogo unanuka udongo baada ya mvua ya vuli. Riesling mweupe ukikaa miaka unaweza kunuka kama mafuta ya taa. Usishtuke, usiurudishe. Ndio ulivyo, na wenye kuupenda wanaipenda harufu hiyo.

Kwa mdomo una maneno mawili ambayo Kiswahili kimekupa tayari, na ni mazuri kuliko ya vitabuni. Uchachu ni ule wa ndimu na ukwaju, unaokutoa mate. Ukakasi ni ule wa bibo la korosho na ndizi mbichi, unaokausha ulimi na kukwaruza fizi. Mvinyo mweupe wa baridi una uchachu mwingi na ukakasi karibu hakuna. Mwekundu mzito una ukakasi mwingi. Ukishaweza kutenganisha mawili hayo, umeshaielewa sehemu kubwa ya kazi ya kulinganisha na chakula.

Kama unaonja, onja kidogo na uteme. Hakuna aibu kwenye kutema, ndivyo wanavyofanya wataalamu, na zamu yako ni ya saa nane.

Hatua ya nne: pokea mzigo kama unavyopokea samaki

Huwezi kupokea nguru bila kumfungua mashavu. Basi usipokee mvinyo kwa kuhesabu maboksi na kutia saini.

Mzigo mwingi unatufikia kwa meli kupitia bandarini, kisha gari mpaka hotelini. Kila kituo kina jua lake. Mwaka mmoja, mwezi wa Februari, kaskazi imeshika, nililetewa maboksi sita ya mvinyo mweupe kwa pikapu ya wazi. Nilikuwa na haraka, nikasaini. Kesho yake nikafungua boksi la juu. Vizibo vilikuwa vimepanda milimita mbili tatu juu ya mdomo wa chupa, karatasi ya shingoni imevimba, na chini yake kuna utando unaonata kama maji ya tende. Mvinyo ulikuwa umepata moto, ukatanuka, ukasukuma kizibo na kutoka nje. Niliufungua: rangi ya chai nyepesi, harufu ya matunda yaliyochemshwa. Aliyeniuzia alinionesha saini yangu. Hasara ikawa yetu.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Naomba mzigo uje alfajiri au baada ya magharibi. Nashika chupa moja kutoka kila boksi kwa kiganja. Ikiwa na joto kama gilasi ya chai, naandika hivyo kwenye hati ya kupokelea kabla ya kusaini. Napitisha kidole gumba juu ya kizibo, ambacho kinatakiwa kiwe sawa na mdomo au ndani kidogo. Natazama kama kuna mchirizi shingoni. Chupa za kifuniko cha kuzungusha, ambazo Afrika Kusini wanazitumia sana kwa mvinyo mweupe, hazioneshi kizibo kilichopanda, kwa hiyo hizo nazungusha chupa kidogo nione kama mfuniko unacheza au unanata. Usidhani kifuniko cha kuzungusha ni dalili ya mvinyo wa hovyo. Kwa kisiwa chetu mimi nakipendelea, maana hakina ile ila ya boksi lililonyeshewa.

Kisha stoo. Mvinyo unataka nyuzi 12 hadi 14, giza, na utulivu. Stoo ya bati mchana wa kaskazi hupita nyuzi 30, na wiki chache tu humo zinatosha kuua uchachu na harufu mlizozifuata mbali kote huko. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe zina kuta nene zinazosaidia, lakini hazitoshi peke yake. Ukiwa na chumba kidogo kisicho na dirisha, tia kiyoyozi, kiweke chini kabisa kinapoweza kufika, na tundika kipimajoto ukutani. Huna chumba? Basi nunua kidogo kidogo, weka vyote ndani ya friji, vyeupe na vyekundu pamoja, na usijaze stoo kwa sababu ya punguzo la bei. Chupa zenye kizibo cha gome zilale, ili kizibo kisikauke. Na jamani, chupa zisipambwe juu ya kaunta ya baa penye jua la jioni. Kama ni lazima kupamba, pamba na zilizokwisha.

Umeme nao. Wa umri wangu tunakumbuka Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima cha Unguja bila umeme miezi mitatu, kila hoteli na jenereta yake. Siku hizi hali ni nyingine, lakini kukatika kwa saa kadhaa bado kupo. Umeme ukikatika usifungue friji ya mvinyo. Bandika karatasi mlangoni, "Usifungue", na chupa za jioni hiyo zitoe zote kwa mara moja uziweke kwenye barafu.

Hatua ya tano: poza sawasawa

Kuna makosa mawili, na yote nayaona kila wiki. La kwanza ni kuutoa mweupe ukiwa wa baridi ya kuganda, haunuki chochote. La pili ni kuutoa mwekundu "kwa joto la chumba". Ushauri huo ulitungwa na watu wa nyumba za Ulaya ambazo chumba chake kilikuwa nyuzi 17. Chumba chetu ni nyuzi 30. Mvinyo mwekundu wa nyuzi 30 unanuka kileo kitupu.

Wenye mapovu upe nyuzi 6 hadi 8. Sauvignon Blanc na Riesling, 8 hadi 10. Chardonnay, 10 hadi 12, na hapa msimame imara, kwa sababu Chardonnay mzuri ukigandishwa ni pesa zimetupwa. Pinot Noir, 13 hadi 15. Syrah, 16 hivi.

Kwa vitendo: chupa ya mweupe kutoka stoo yenye joto inataka saa mbili hadi tatu ndani ya friji. Kama mgeni ameshakaa, chukua ndoo, tia barafu nusu, ongeza maji mpaka yafike mabega ya chupa, tupa konzi ya chumvi, zungusha chupa mara kwa mara. Dakika 20 hivi zinatosha. Barafu bila maji haipozi vizuri, kwa kuwa inaigusa chupa hapa na pale tu na katikati kuna hewa. Chumvi huyashusha maji baridi zaidi. Pinot Noir uliotoka kwenye friji uache mezani dakika 20 kabla ya kumimina. Usitie chupa kwenye friza ukaisahau; nimeokota vioo.

Kwa meza za nje, mimina kidogo. Chupa ya mililita 750 inatoa gilasi tano za mililita 150, lakini ufukweni mchana mimi namimina 100, nairudisha chupa ndooni, na narudi mara nyingi zaidi. Mgeni anakunywa kila mara ulio baridi, na anakuona uko naye.

Hatua ya sita: chakula chetu na chupa zake

Hapa naandika ninachoamini baada ya kuwatazama wageni wengi wakila.

Changu au tasi wa kuchoma, chumvi, ndimu, kachumbari pembeni: Sauvignon Blanc. Iona wa Elgin umetoka juu kabisa, shamba lao lipo zaidi ya mita 400, na uchachu wake umenyooka kama uzi. Klein Constantia ni chaguo jingine zuri. Ukimkamulia samaki ndimu na mvinyo hauna uchachu, mvinyo unakuwa maji. Ndiyo maana ule wa nchi ya joto unaanguka hapa.

Pweza wa nazi ndiye aliyenifundisha Chardonnay. Tui zito lina mafuta na utamu kidogo. Linataka mvinyo wenye mwili wa kutosha kusimama nalo na uchachu wa kusafisha ulimi kila baada ya tonge. Paul Cluver wa Elgin unafanya kazi hiyo vizuri. Missionvale wa Bouchard Finlayson, kutoka Walker Bay, pia. Kama mgeni anasherehekea na mfuko unaruhusu, Hamilton Russell. Samaki wa kupaka naye namweka hapa hapa, na moshi wake wa mkaa unashikana na ule wa pipa. Angalizo moja: Chardonnay uliojaa mwaloni mpaka unanuka mbao na vanila utafanya tui liwe kama dawa. Chagua wenye mwaloni wa kiasi.

Pilipili ni jambo jingine. Kamba wa pilipili, mchuzi mkali, biriani na achari ya embe: kileo kingi huwasha pilipili zaidi, na ukakasi huongeza moto. Nimemwona mgeni akitokwa machozi kwa biriani na mvinyo mwekundu wa asilimia 15. Dawa yake ni mvinyo wenye kileo kidogo, uchachu mwingi na utamu kiasi, yaani Riesling. Paul Cluver wanatengeneza Riesling nao, na kwangu huo ndio mvinyo unaofaa jiko la Zanzibar kuliko wote, ijapokuwa ndio mgumu kuuza. Mgeni akisikia una utamu kidogo anakataa. Usibishane naye. Mpe gilasi ndogo ya kuonja baada ya tonge la kwanza la biriani, kisha kaa kimya.

Jodari aliyechomwa juu juu, ndani bado mwekundu, anakubali Pinot Noir, na hapa ndipo unapoweza kuvunja ile kanuni ya kwamba samaki ni mweupe tu. Sababu ya kanuni ni kuwa mvinyo mwekundu mzito ukikutana na mafuta ya samaki huacha ladha ya chuma mdomoni. Pinot Noir wa baridi ni mwepesi na ukakasi wake ni mdogo, kwa hiyo na samaki mwenye nyama kama jodari unapita. Galpin Peak wa Bouchard Finlayson, au Newton Johnson wa Upper Hemel-en-Aarde. Upoze kama nilivyosema. Kwa changu usijaribu.

Pilau ya nyama ya ng'ombe, yenye pilipili manga, mdalasini na iliki: Syrah wa Elgin, kwa mfano wa Richard Kershaw. Mwambie mgeni anuse sahani, kisha anuse gilasi. Ile pilipili manga ataikuta kote kuwili, na uso wake utakueleza.

Sambusa, kachori, bajia, chochote kilichotoka kwenye mafuta: wenye mapovu. Charles Fox wa Elgin wanatengeneza wa mapovu peke yake. Ukifungua, ushike mfuniko kwa kidole gumba tangu unapoanza kulegeza waya, zungusha chupa badala ya kizibo, na usimwelekezee mtu. Shinikizo la ndani ni zaidi ya mara mbili ya lile la tairi la gari, na chupa yenye joto huwa mbaya zaidi.

Utamu wa mwisho sipotezi muda nao. Vin de Constance wa Klein Constantia ni mvinyo wa ajabu, lakini halua yetu inaushinda kwa utamu na kuufanya uonekane mchachu. Umpe na korosho za kukaanga au kipande cha nanasi.

Hatua ya saba: mezani

Uliza swali moja kabla ya kutaja chupa yoyote: "Unapenda ulio mchachu kama ndimu, au ulio laini?" Kwa wageni wa Dar na Nairobi ninaozungumza nao Kiswahili, hakuna anayeshindwa kujibu hilo. Kisha taja chupa mbili tu, moja ya bei ya kati na moja ya juu, na anza na ya kati. Eleza kwa sentensi moja: "Huu unatoka milimani Elgin, una uchachu, hauna ukakasi, utakwenda na nazi yako." Basi. Mgeni akitaka mwekundu mzito na changu wake, mletee, na mpoozee vizuri. Ni chakula chake.

Onesha lebo, mwaka uonekane. Fungua mbele yake, nusa gilasi wewe kwanza ukiwa pembeni, mmimine kidogo aliyeagiza. Akisema hauko sawa, nusa tena naye. Boksi lililonyeshewa likiwepo, ondoa chupa bila maneno mengi na uiandike kwa ajili ya aliyewauzia.

Tupo kwenye kisiwa cha Waislamu, na ufukwe ni njia ya watu. Paje na Jambiani kina mama wanapita kwenda na kurudi kwenye mwani, watoto wanarudi chuoni. Chupa na gilasi zibaki ndani ya mpaka wa hoteli. Ukipeleka chupa kwenye nyumba ya wageni iliyo ng'ambo ya kijiji, itie kwenye kikapu na uifunike. Ramadhani, meza ya mvinyo ihame upande usioonekana na njia, na mweleze mgeni kwa upole kabla hajauliza. Sijapata mgeni aliyekasirika akielezwa.

Chupa iliyobaki usiku usiitupe na usiiache kaunta. Rudisha kizibo, bandika plasta, andika tarehe na saa, isimamishe kwenye friji, hata kama ni Pinot Noir. Uchachu wa mvinyo wa baridi unausaidia kustahimili, na siku mbili, pengine tatu, bado unafaa kwa gilasi moja moja. Asubuhi, kabla ya harufu za jikoni hazijaanza, mpe yule mwenye pua nzuri kuliko wote kazini anuse. Akisema hapana, mpelekee mpishi.